Mfarishi wa Kitindamimba

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na watoto. Hamjambo? Kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo kwa kiasi chake: anakula akilishwa, anacheka akitaka, na ananigombeza kila siku, kwa hiyo ujue ulimi wake hauna ugonjwa. Mimi ni mgongo tu.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu mama anasikiliza kila neno, na yapo ambayo sitaki ayasikie.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mwaka huu pia hutaweza kuja, na kama ule mfarishi umekwisha tuufunge tuutume kwa posta. Nilisoma nikiwa nimeshika pasi, nikaunguza ukanda mzima wa kitambaa. Basi ngoja kwanza nikueleze mfarishi huo umeshonwaje, maana naona unaudhani ni blanketi la dukani.

Wazo lilikuwa la mama. Tangu macho yake yaingie ukungu anaona mwanga na giza tu, rangi basi tena. Siku moja akaniambia, "Nataka kumshonea Kitinda kitu cha kujifunika kabla sijaondoka." Mimi sindano naijua ya kurudishia vifungo. Nikaenda kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, yule aliyekushonea gauni la harusi. Akafikiri kidogo, akasema nijifunze mtindo wa kibanda cha magogo, kwa sababu ni mtindo wa mwanga na giza, mama ataweza kuuona.

Unaanza na kiraka cha mraba katikati, upana wa vidole vitatu. Unakizungushia kanda za nguo, ukanda baada ya ukanda, kila mmoja ukikalia mwisho wa uliotangulia kama magogo ya ukuta. Pande mbili unaweka kanda nyeupe, pande mbili za giza. Mizunguko mitatu, kanda kumi na mbili, hapo umepata kipande kimoja. Mfarishi una vipande ishirini na vitano.

Kipande changu cha kwanza sikuacha nafasi ya mshono, nilishona ukingoni kabisa, kikajikunja kama bakuli. Fundi alikivaa kichwani, akacheka mpaka akakaa chini. "Pima, kata, shona, piga pasi, halafu pima tena. Wewe unashona kama mtu anayekimbizwa." Nikamwambia nakimbizwa kweli, nimemwacha mgonjwa peke yake ndani.

Sasa nguo zenyewe. Kanda nyeupe ni mashati ya marehemu baba. Za giza ni sare zangu za bluu za kufulia hospitalini. Tangu niache kazi nimuuguze mama zilikuwa zinaning'inia tu nyuma ya mlango. Na katikati? Mama alinituma nifungue sanduku lake nitoe sketi yako nyekundu ya shule. Ameitunza miaka yote hii, imekunjwa vizuri, imewekewa dawa ya nondo. Katika vitu vyangu vya shule hajaweka hata soksi. Ndiyo hivyo, wewe ukakaa katikati mara ishirini na tano, mimi nikazungushwa upande wa giza. Niliona, nikameza, nikashona. Watu husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Waliosema hivyo hawakumuuliza ng'ombe.

Ujumbe wako ulipokuja ndipo nilipochoka. Mchana ule ule nilichukua kipande kimoja ili nikutoe. Mtindo huu una ubaya mmoja: kiraka cha katikati ndicho kinachotangulia kushonwa, kwa hiyo hakitoki mpaka ufumue kanda zote kumi na mbili. Nikazifumua. Nikaweka kiraka cha sare yangu, nikashona upya, nikapiga pasi, nikakiunga na wenzake. Ishirini na vinne vyako, kimoja changu. Nikajiambia huo si wizi.

Kesho yake mama akaomba aushike mfarishi. Kitambaa cha sketi yako ni kizito, vidole vyake vinakijua. Akapapasa kipande kwa kipande akikutaja chinichini, alipofika pale akasita.

"Huyu si Kitinda."

"Ni mimi, mama."

"Wewe si upo? Wewe nakusikia ukikohoa jikoni. Yule nimebakiwa na hii sketi. Mrudishe."

Nimekurudisha. Nilifumua tena zote kumi na mbili. Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilifukuzwa, ila nililia, na nisikufiche, nimekukasirikia sana. Miaka minane. Mwanzo ilikuwa makaratasi, ikawa kazi mpya, ikawa watoto, sasa sijui ni nini. Vifurushi vya dawa vinafika na tunashukuru, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Daktari alitaja miezi, hakutaja miaka. Nilikwambia, ukanijibu kwamba madaktari wanapenda kutisha watu.

Hata hivyo boksi nilitafuta. Nilipoanza kuukunja mfarishi, mama akaushika. Kwa mikono ile isiyoweza kushika kikombe, aliuvuta mpaka nikauachia mimi. Siku hizi hauachi, na kila gari likisimama nje anaunyoosha juu ya magoti ili ukiingia uuone. Anasema utaukuta hapa. Hasemi kama yeye utamkuta.

Kwa hiyo sikutumii. Ukija sasa, kitanda chako nimeshatandika, na nitakufungulia mlango bila neno hata moja. Ukingoja mpaka uje kuzika, mfarishi utapewa, ni wako, hakuna atakayekunyima. Ila usije ukaniegemea begani ukilia. Lilia hiyo sketi.

Msalimie shemeji. Wabusu wanangu, uwaambie mama mkubwa wao yupo. Fundi anakusalimu, anauliza kama lile gauni bado linakuenea. Mungu awalinde, na akulainishie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku ambazo sitaki.