Ombi la Ustadh Jamaludin Kwenda Makerere

KAMATI YA MADRASA, MTAA WA MKOMANI, LAMU
Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, 6 Machi 1954, barazani kwa Mwenyekiti, baada ya sala ya alasiri.

Waliohudhuria: Bwana Alwi (Mwenyekiti), Mwalimu Abdulkadir (Mwalimu Mkuu), Bwana Ridhwani (mjumbe), Bwana Hamid (Katibu).
Mwalikwa: Ustadh Jamaludin, mwalimu msaidizi.
Kwa udhuru: Bwana Madi, amekwenda Siyu kwenye maziko.

KUMB. NA. 1/54: KIKAO KILICHOPITA
Kumbukumbu zilisomwa. Bwana Ridhwani alilalamika kwamba maneno yake yalifupishwa mno. Katibu alieleza kwamba yalikuwa mengi. Zilithibitishwa.

KUMB. NA. 2/54: OMBI LA USTADH JAMALUDIN
Mwenyekiti alieleza kwamba Ustadh Jamaludin amepata nafasi ya kusoma sayansi katika chuo kikuu cha Makerere, Uganda, naye anaomba ruhusa ya kuacha kazi. Mwenyekiti aliunga mkono. Alisema mji unahitaji kijana atakayerudi afisa, awasemee watu wa Lamu serikalini.

Ustadh Jamaludin aliomba radhi, akasema haendi kutafuta cheo. "Mwalimu alinifundisha kwamba kuvitazama viumbe vya Mwenyezi Mungu ni ibada. Nimetazama. Sasa nataka kujua vimeumbwaje."

Bwana Ridhwani aliuliza atafanya nini akifundishwa jambo linalopingana na Kitabu. Ustadh alijibu kwamba atauliza, kama alivyozoea kuuliza madrasani. Bwana Ridhwani alisema huko ndiko vijana wanakopotelea, na kwamba elimu isiyoanza kwa bismillahi haina mwisho mwema. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba mwanawe mwenyewe yuko shule ya serikali Mombasa. Bwana Ridhwani alisema hilo si la kikao hiki.

Mwenyekiti alimtaka Mwalimu Abdulkadir atoe rai yake, kwa kuwa ndiye aliyemlea Ustadh tangu kufiwa na babake, akamwandaa kushika madrasa.

Mwalimu alisema: "Dini yake siiogopei. Nimemsomesha mwenyewe. Naogopa atakwenda asirudi, na mato yangu yamekwisha."

Alieleza kwamba tangu Ramadhani iliyopita macho yake hayaoni maandishi. Wanafunzi humsomea, naye huwasahihisha kwa alivyohifadhi. Wajumbe walisema hawakuwa na habari.

Ustadh Jamaludin alisema yeye alijua, na yuko tayari kubaki. Aliomba ombi lake lifutwe.

Mwalimu alikataa. "Ukibaki kwa ajili yangu, kila nikikusikia ukisomesha nitajua nimekukatia ndia ya kwenda Makerere. Mimi nilikwambia utazame. Sasa nikwambie ufumbe mato? Enda, mwanangu."

Mwenyekiti aliamuru kahawa iletwe, na kikao kilisimama kidogo.

Kiliporejea, Ustadh alisema kwamba Bi Alawiya, binti wa Mwalimu, amehifadhi Kurani yote na husomesha wasichana nyumbani. Huenda akakubali kuwashika na watoto wadogo wa madrasa. Bwana Ridhwani alisema jambo hilo halijapata kutokea. Mwalimu alisema hatamwahidi mtu kwa niaba ya bintiye, atamuuliza kwanza.

IKAAMULIWA: Ustadh Jamaludin aruhusiwe kwenda. Bwana Ridhwani hakupinga wala hakuunga mkono. Mwalimu Abdulkadir aliomba iandikwe kwamba amekubali, na isiandikwe kwamba amefurahi. Katibu ameandika hivyo.

KUMB. NA. 3/54: KUFUNGA
Kwa kuwa magharibi ilikaribia, Mwenyekiti alimwomba Mwalimu afunge kikao kwa dua. Mwalimu alimwombea Ustadh kwa jina lake, safari yake na kurudi kwake. Kisha akawaombea na walimu watakaomsomesha huko Makerere, ambao si Waislamu, Mwenyezi Mungu awape subira ya kustahimili maswali ya Ustadh.

Wajumbe waliitikia amina. Bwana Ridhwani alikawia, kisha naye akaitikia.

Kikao kilifungwa kwa adhana ya magharibi.

(Sahihi) Alwi, Mwenyekiti
(Sahihi) Hamid, Katibu