Mbwamwitu wa Saa Sita Mchana

Nyumba ya bluu nyuma ya duka la matairi,
Oildale, California.
9 Novemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Salamu kutoka kwenye vumbi. U hali gani, na huo mgongo wako je? Shemeji Graham anaendeleaje na kondoo wake, au sasa ndio wanaomchunga yeye? Huko New Zealand najua mnaingia majira ya joto, na Mungu awape joto la wastani, si hili letu.

Mimi ni mzima kiasi cha kusumbua watu. Meno ya chini nimeyapoteza. Sisemi yameng'oka, yale ya asili yaling'oka zamani. Haya ya kununua nimeyapoteza, yamo humuhumu ndani, na kila nikikaa kwenye kochi nakaa kwa tahadhari. Kaka yetu Loyd naye yupo. Mapafu yake ndiyo yamechoka. Anatembea na mtungi wa hewa kwenye kigari, mrija puani, na bado pumzi ya kubishana anayo. Daktari amemshauri asinunue kalenda ya mwakani.

Barua yako nimeisoma. Unauliza kwa nini kila ukimpigia Loyd simu anakueleza habari za mbwamwitu, na watu wazima wenye akili wanapendea nini sinema hizo za zamani za televisheni. Akili nani kakwambia wanazo? Kaa kitako nikusimulie, na kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mwaka wa sabini na nne, wewe ukiwa umeshaolewa huko kwa kondoo, walikuja watu wa televisheni kutoka Los Angeles kupiga sinema kwenye vilima juu ya mto. Sinema ya Jumanne usiku, ya kuonyeshwa mara moja katikati ya matangazo ya sabuni. Mtu anang'atwa na mbwamwitu, mwezi ukijaa anaota manyoya, anatafuna majirani, mkuu wa polisi haamini, na msichana anateguka mguu palepale ambapo hakuna mwenye akili angeteguka. Hapo nimekusimulia zote. Ukiiona moja umeziona zote, na hawa watu wanaziona zote.

Mwigizaji mkuu aliitwa Dane Corliss, mwanamume mwenye meno mengi. Manyoya yalimwasha. Siku ya kwanza tu shingo ikamvimba, akajifungia kwenye trela lake akagoma kutoka. Wakatafuta mtu wa kimo chake, asiye na kazi na asiyejipenda. Loyd alikuwa amesimama hapohapo, ameshika farasi wa watu.

Walimbandika usoni manyoya ya ng'ombe wa Tibet, kishungi kwa kishungi, kwa gundi iliyonuka kama paka aliyelewa. Agosti ya kwetu unaijua. Jasho lilijaa chini ya gundi, likatafuta pa kutokea, likatokea mdomoni. Inzi walimfuata kama ukoo. Jioni walimbandua kwa spiriti na ngozi ikaja pamoja na manyoya, kama unavyomenya nyanya ya kuchemsha. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namnywesha maji kwa mrija, nikaenda nyuma ya lori nikayarudisha maharage yangu yote. Na Loyd, uso mwekundu kama nyama buchani, akaniuliza, "Verlon, nilinguruma vizuri?"

Sinema ilipotoka, jina lake halikuwemo mwishoni. La mtunza mbwa lilikuwemo. Corliss akayaambia magazeti kwamba mnyama alicheza mwenyewe na aliteseka sana, akafa na uongo wake, akazikwa nao. Loyd akawa anasema hapa mjini, "Ni mimi yule," na watu wanacheka. Shahidi wake ni mmoja tu, mimi, na ushahidi wangu unajua una uzito gani Oildale. Mimi ndiye niliyewaambia wazee wa kanisa kwamba kuna mafuta ya petroli chini ya choo cha mchungaji, wakachimba, wakakuta choo.

Hata mkewe marehemu, Mungu amrehemu, hakumwamini. Basi tangu daktari aseme lile la kalenda, Loyd ametaka kitu kimoja tu: aaminiwe kabla hajaondoka. Nilimwambia atake kitu kingine, nyama ya kuchoma kwa mfano. Hataki.

Sasa, kuna chama cha wapenzi wa sinema hizi. Mkuu wao anaitwa Kessler, bwana mwenye ndevu za mbuzi, ameandika kitabu kizima kumsifu Corliss. Mwezi uliopita wakaamua kukutana hapahapa kwetu, ukumbi wa maveterani, kwa sababu ndiko ilikopigwa ile sinema. Loyd akampigia simu kumweleza. Nilisikia jibu kutoka upande wa pili wa jiko: "Mzee wangu, kila mji nikifika nakutana na mzee anayesema ni yeye. Karibu uje kutazama."

Tukaenda. Nadine, harufu ile! Watu wazima na matumbo yao, ndani ya manyoya ya plastiki, mchana wa joto. Mmoja amevaa meno marefu anakula bisi, mate yanamchuruzika hadi kwenye kitambi. Kulikuwa na keki yenye umbo la kichwa cha mbwamwitu, ukikata inatoka jamu nyekundu na vipande vya kitu ambacho sikuuliza. Kwenye kona walikuwa wanatazama mikanda iliyorekodiwa majumbani miaka ya themanini, sinema hizo ziliporudiwa, picha ina chenga kama mvua, na matangazo yamo bado. Bwana mmoja alitokwa na machozi kwa tangazo la sabuni ya kufulia. Si kwa msichana aliyeliwa. Kwa sabuni!

Nikamgeukia mwanamke aliyekaa karibu yetu, Ramona, muuguzi kutoka Fresno, huyo walau alivaa nguo za binadamu. Nikamwuliza, "Mwanangu, hivi nyie mnapendea nini uchafu huu? Manyoya yenyewe yanaonekana ya zulia."

"Ya zulia ndiyo, babu. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa sakafuni na nguo za kulalia. Nilimwogopa yule mpaka nikauma mto."

"Halafu ukampenda?"

"Nyumbani tulikuwa na baba. Huyo hatukujua atabadilika saa ngapi. Yule wa kwenye televisheni alisubiri mwezi ujae. Na ilipofika saa ya taarifa ya habari, aliondoka."

Nikatia keki mdomoni ili nipate shughuli, nikajuta.

Basi Kessler akapanda jukwaani. Akasema ameupata ukanda wa mwanzo kabisa wa sinema ile, ule uliopita ndani ya kamera yenyewe, na amekaa miaka akiusafisha. Mikanda yote ya majumbani, akasema, ina giza baya linaloficha picha, uchakavu mtupu, na yeye ameliondoa lote. Leo mtaiona kama haijawahi kuonekana! Wakapiga makofi. Loyd akaniminya mkono. "Verlon," akaninong'oneza, "usiku wote ule tuliupiga mchana."

Ndivyo walivyofanya enzi hizo. Taa za kumulika kilima kizima usiku ni ghali, kwa hiyo walipiga saa sita mchana, jua linapasua kichwa, halafu kule maabara wakatia giza la rangi ya bluu ili paonekane usiku. Lile giza halikuwa uchakavu. Lile giza ndilo lililokuwa sinema. Na mtaalamu huyu mwenye kitabu alikuwa ameling'arisha lote kama anayesugua sufuria.

Picha ikaanza. Mwezi ukajaa, mkubwa, mweupe. Corliss akashika tumbo, picha ikakatika pale pa kutia matangazo, na kiumbe cha kutisha kikatokea kileleni chini ya jua la mchana mtupu! Kivuli chake kifupi kama kofia. Nyuma yake ng'ombe wanakula majani. Msichana akasema, "Sioni kitu, giza limetanda," huku amekunja uso kwa mwanga. Ukumbi ulipasuka. Yule wa meno marefu alicheka yakamtoka, yakaangukia kwenye bisi, akayaokota akayarudisha mdomoni. Nililiona hilo kwa macho yangu na sitapona.

"Kessler!" mtu akapaza sauti. "Mbwamwitu wako ametoka kwenda kula chakula cha mchana?"

"Nilidhani ni mwezi wa mchana!" akajibu maskini, na sauti ilikuwa ya kilio. "Kuna siku mwezi huonekana mchana!"

Loyd hakucheka. Alikuwa ameshika kigari chake kwa mikono miwili, na nilijua anawaza nini: hata hili moja wamelifanya kichekesho. Nikamwambia, "Twende zetu, kaka, nikakukaangie yai." Akatikisa kichwa.

Mbwamwitu akakimbia kuteremka kilima, akafika karibu na kamera, akageuza kichwa kunguruma. Joto lilikuwa limeshayeyusha gundi. Bendera nzima ya manyoya ilikuwa inaning'inia shavuni, na nyuma yake, peupe, palitokeza sikio la binadamu. Nadine, unalikumbuka sikio la kulia la Loyd, lile nyumbu wa mkokoteni wa Baba alilolitafuna nusu ukabaki ukingo kama kipande cha mkate kilichoumwa? Hilohilo. Kubwa kama mlango, ukutani.

Corliss masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, yako kwenye jalada la kitabu cha Kessler.

"Simamisha!" Ramona alisema. Hakupiga kelele, alisema kiuguzi, na picha ikasimama. Akalitazama sikio la ukutani, akamgeukia kaka yetu, akalitazama la kwenye kiti. Kila mtu akageuka. Nikausikia mtungi wa hewa ukipumua.

"Mzee," Kessler akasema kwa shida, "ni wewe."

"Ndivyo nimekuwa nikisema, bwana mdogo."

Wakasimama, wakapiga makofi, manyoya yakaruka hewani, nikayameza. Wakamkumbatia na jasho lao. Wakamwomba angurume, akanguruma, akakohoa mpaka Ramona akamfungulia mtungi zaidi. Nilikasirika vibaya sana, macho yakanitoka maji, nadhani ni lile vumbi la manyoya.

Halafu Kessler akaja akapiga goti mbele ya kiti. Akasema kitabu atakisahihisha. Na akasema ukanda alitaka kuutia giza upya, kurekebisha kosa lake, lakini sasa ameona bora ubaki hivi hivi: akitia giza, sikio litapotea, na ushahidi wa mzee utapotea nalo. Uachwe na jua lake, kila atakayetazama ajue ni Loyd.

Nikasema, "Umepata, kaka. Sema ndiyo, twende nyumbani."

Loyd alimwangalia Ramona, si Kessler.

"Wewe ulimwogopa?"

"Nilimwogopa, mzee. Nikauma mto."

"Lakini wa mchana huyu hawezi kumtisha hata kuku," Loyd akasema. "Zima jua, bwana mdogo. Paweke usiku."

Nilitaka kumpiga na kigari chake. Maisha yote mtu analia aonekane, na siku anapoonekana anajifunika blanketi mwenyewe! Nilimwambia hayo njia nzima ya kurudi. Alikuwa anatazama nje dirishani, makovu ya yale manyoya bado usoni mwake tangu mwaka ule, na ananguruma polepole, kwa ajili yake mwenyewe.

Basi mpigie simu, Nadine, usichelewe, na akianza habari za mbwamwitu mwache amalize.

Nisalimie shemeji Graham, na wanao Heather na Moira, na yule mbwa wenu mzee kama bado ana pumzi. Loyd anakusalimu, amekaa hapa ananikosoa tahajia. Mungu akulindie mgongo, akupe usingizi usio na manyoya, na atukutanishe sote tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kwa umbali huu na harufu ya kondoo,

Verlon