Jicho Juu ya Televisheni

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Sambusa nimemaliza kukunja, sinia mbili. Mgongo unauma. Alhamdulillahi.

Adhuhuri Said, mume wangu, kaingia na mafundi wawili na televisheni mpya. Kubwa kama mlango. Juu yake ina jicho dogo jeusi, ndiyo kamera. Ina intaneti ndani, unaongea na mtu wa mbali na yeye anakuona, umekaa zako sebuleni. Niliyeitaka ni mimi. Mama mdogo Rukia, mdogo wake Mama, yuko Unguja na miguu haimbebi tena. Hawezi kuja huku kwetu Ibra. Ombi lake moja tu, aione mikono ya Asma ikiwa na hina ya harusi. Asma ndiye binti yangu wa pekee.

Mama yuko kwenye kona yake. Msomaji wa habari akatoa salamu, Mama akavuta kanga kichwani, akaitikia, hakupunguza hata neno. Miaka yote hufanya hivyo. Asma akamcheka, "Bibi, hakuoni yule!" Mama akasema, "We umemuuliza?"

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Tumeijaribu. Kwanza tukaona dari ya Unguja, kisha sikio, kisha Hemedi, mwanawe Mama mdogo, akaweka sawa. Mama aliinuka akaenda kukigusa kioo. Nimelia jikoni, watu wasinione.

Nimekumbuka ile miaka ujumbe wa watazamaji ulipokuwa ukipita chini ya kioo kama utepe. Nilituma salamu za Idi kwa Mama, kwa simu ya vitufe. Nyumba nzima tukakaa kungojea. Zilipopita, Mama alikuwa chooni. Baadaye Said akanunua kisanduku, ati intaneti ndani ya televisheni. Ukurasa mmoja ukifunguka, chai imeshapoa. Kikaishia kuwekewa chungu cha maua.

Hii kweli inafanya kazi. Ila sina raha, sijui kwa nini. Kesho anakuja Umm Nasser, mama wa bwana harusi, na wanawake wake kutoka mji wa Nizwa, kwa sherehe ya hina. Mwanamke wa heshima, mshika dini, Kiswahili hakijui. Hunitazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kununua. Akdi, yaani kufunga ndoa, na harusi ni tarehe 21. Sitaki aone kasoro.

Alkhamisi, tarehe 7 Novemba

Hina imepita, alhamdulillahi.

Baada ya alasiri tulimpigia kwanza Mama mdogo, wageni hawajafika. Asma akanyanyua mikono mbele ya jicho. Mama mdogo akamsomea dua ndefu. Nikasikia magari nje, nikabonyeza, nikaweka nyimbo.

Simu zote zikatiwa kapuni mlangoni, kama desturi, asije mtu akapigwa picha. Umm Nasser mwenyewe alilisimamia kapu. Hata ya kwake kaitia. Mapazia yakafungwa, abaya zikavuliwa. Umm Nasser kavaa kijani, nywele mpaka kiunoni, na akacheza! Sikutegemea. Akanivuta mkono nami nikacheza, mwili huu wote. Nimempenda.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Astaghfirullah. Astaghfirullah.

Baada ya sala ya alfajiri nimewasha televisheni, Mama asikilize Qur'ani. Kwenye kioo pana orodha ya simu zilizopigwa. Unguja, jana. Urefu wake saa mbili na dakika arubaini.

Sisi tuliongea dakika kumi.

Nimeshaelewa. Televisheni tulizozizoea, ukiweka stesheni nyingine ile ya kwanza imekwisha. Niliweka nyimbo nikadhani nimekata. Kumbe nyimbo zilikaa mbele, simu ikaendelea nyuma yake. Jicho limetutazama muda wote. Tumekusanya visimu vya watu kapuni, na hili lidude tumelitundika ukutani mbele yetu. Hakuna aliyelifikiria. Mimi mwenye nyumba sikulifikiria.

Adhuhuri nimesali, sijui nimesoma nini.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu.

Nimepiga Unguja, kapokea Hemedi. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi Alkhamisi. Nikamuuliza karafuu mwaka huu vipi. Mjinga mimi.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Nimempata Mama mdogo mwenyewe. "Kumbe hamkujua?" kasema. "Mimi nikadhani mmeniachia nistarehe." Wanaume wa nyumba kawatoa mapema. Lakini Hemedi alikuwa nyuma ya kioo kashika waya, kwa sababu picha ilikuwa inakatikakatika. Akachungulia kuona kama imetulia. Kaona mwanamke wa kijani anacheza, nywele hizo! Hapo Mama mdogo akamfukuza kwa bakora.

Mwanamke wa kijani. Katika wote wale.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Nimemwambia Said. Kasema ninyamaze, harusi ipite, nani atajua. Said mtu mwema, ila anapenda mambo yalale.

Alasiri kulikuwa na kipindi cha shekhe. Siku hizi swali unaliandika kwa rimoti, pale pale kwenye kioo, linamfikia. Nimeandika herufi moja moja: mwanamke kaifunua sitara ya mgeni wake bila kukusudia, je, amwambie? Nimefika kwenye kutuma. Nikakumbuka kipindi hiki Umm Nasser hakimpiti. Nimefuta.

Na kwa kweli jibu nilikuwa nalo. Nilitaka shekhe anipe jingine.

Nikinyamaza, Asma ataolewa na mimi nitamkumbatia mama mkwe wake kila Idi hali najua. Nikisema, huenda asiolewe. Nimezunguka sebule mpaka Mama kaniuliza natafuta nini.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Nizwa. Said kaendesha.

Umm Nasser kaniwekea tende na kahawa. Nikamwambia yote, Kiarabu changu kikinikimbia. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akakitikisa kikombe chake, yaani kahawa basi, akauliza nani mwingine anajua kama alicheza. Nikasema mume wangu, ilibidi.

"Sasa ni wanaume wawili," akasema.

Akaingia ndani. Nimengoja mpaka adhana ya adhuhuri. Hakutoka.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba

Hakuna neno kutoka Nizwa. Nasser, mchumba wake, hajampigia Asma tangu juzi. Imenibidi nimwambie mwanangu kilichotokea. Hakulia. Kasema, "Mama, wiki moja tu! Ungesubiri wiki moja!" Kisha akaenda kuosha mikono kwa sabuni, anasugua, anasugua. Hina haitoki.

Sijuti kusema. Naogopa. Yote mawili ni kweli.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Mwenye ukumbi kauliza wageni wangapi. Nimesema nitamjibu kesho.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba

Nimemwambia kesho tena.

Jumanne, tarehe 19 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije nikasahau.

Saa nne asubuhi gari mlangoni. Umm Nasser, na dada yake. Hakukaa. Akauliza jicho liko wapi. Nikamwonesha. Akasimama mbele yake kajifunga shela barabara, akalitazama kama mtu anayemkabili mshitaki wake. Akasema, "Wapigie."

Mama mdogo akatokea. Wakasalimiana kwa salamu ndefu, hiyo wote wawili wanaijua. Umm Nasser akataka yule mwana aliyemwona aje. Hemedi akaja, kichwa chini, mtu mzima mwenye mvi. Nikawa mkalimani baina yao.

"Mwambie sitaki aape," akasema Umm Nasser. "Nataka asinisimulie kwa mtu."

"Sijasimulia, na sitasimulia," akasema Hemedi. "Anisamehe mama."

Akaruhusiwa kwenda. Nikadhani yamekwisha. Mama mdogo akadakia, "Na mwambie, harusi nilizokwenda mimi hazina idadi, kucheza kama kule sijapata kuona."

"Mama mdogo!"

"Fasiri!"

Umm Nasser akaniuliza anasemaje. Nikafasiri, uso unaniwaka moto. Dada yake akatazama chini. Kisha Umm Nasser akaziba mdomo kwa shela na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Mama kwenye kona naye akacheka, hata hajui kinachochekwa.

Tulipokata, akanitaka nikate mbele ya macho yake, kisha nimwoneshe kama imekatika kweli. Nikamwonesha mara mbili. Akaniomba nguo. Nikampa kanga ya Mama. Akaifunika televisheni kwa mikono yake, akaivuta pembe mpaka jicho likazibwa.

"Umenichoma, Umm Asma," akaniambia. "Bado panauma. Ungenyamaza nisingejua mpaka nakufa." Akachukua tende moja. "Alkhamisi tunakuja."

Hakunikumbatia. Sikutegemea anikumbatie.

Asma alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Nimempigia mwenye ukumbi.

Ijumaa, tarehe 22 Novemba

Asma yuko Nizwa kwake. Nyumba kimya. Kitanda chake kimetandikwa, sandali za zamani ziko chini yake. Nimeziacha.

Jana kapu la simu nilishika mimi, Umm Nasser alinipa. Kabla ya kuvua abaya alizunguka ukumbi mzima akitazama kuta. Nikazunguka naye.

Alasiri hii Mama kawasha habari. Kanga aliyoifunika Umm Nasser bado iko pale pale, hatujaiondoa, tukasikiliza sauti tu. Msomaji akatoa salamu. Mama akajifunika kichwa, akaitikia.

Miaka yote mimi humwambia, Mama, hakusikii huyo. Leo nimevuta mtandio wangu, nami nikaitikia.