Mzinga Wenye Alama ya Athumani

Afande Lusambo,

Tumekuzika Alhamisi, saa kumi, kule Mwese, karibu na miti uliyotundika mizinga yako ya nyuki. Watu walikuja kwa miguu kutoka Sibwesa. Wachimbaji wa mgodini Mpanda walikuja na lori. Nilianza kuwahesabu, nikaacha. Unajua huwa siachi.

Nakuandikia kwa sababu nilikaribia kukukosea mara ya pili.

Ya kwanza unaikumbuka. Wiki moja kabla ya tawi la chama kuchagua mwenyekiti, nawe ukigombea, niliandika gazetini kwamba vitani Burma uliiteka bombomu, bunduki ya rashasha ya Wajapani, peke yako. Niliisikia stesheni kwa watu waliokupenda, wewe sikukuuliza. Ukatembea siku tatu hadi mlangoni kwangu. Hukugomba. Ulikunywa maji, ukasema, "Mwandishi, kwetu mzinga wenye alama ya mwenzako hauguswi. Ule wa Burma una alama ya Athumani. Mimi silambi asali yake."

Nikakwambia tusubiri kura ipite. Ukanitazama kama afande anavyomtazama kuruta.

Kisha ukasimama mkutanoni. "Ndugu zangu, gazeti limeniongezea. Aliyeikamata bombomu ni Athumani, mtu wa Newala, akafia palepale. Mimi nilikuwa nimelala kwenye matope, nimejikojolea."

Watu walicheka. Fundi mmoja wa mgodini akapaza sauti, "Sasa tumchague kojozi?"

Ulicheka nao. "Shauri lenu nyie. Ila msinichague kwa ajili ya Athumani."

Ulishindwa. Mwaka uliofuata watu walewale walipanda hadi Mwese kukuomba uwaongoze na kuwasemea kwa mkuu wa wilaya, Bwana Shauri, fundi yule akiwa mbele. Nilimuuliza kwa nini. "Huyu akirudi kutoka kwa Bwana Shauri akatuambia tumekataliwa, tutajua tumekataliwa kweli." Nimesikia watu wengi wakieleza shujaa ni nani. Maelezo ya fundi ndiyo niliyoyahifadhi.

Sasa ya pili. Baada ya maziko mwanao Petro alinishika mkono. "Baba mdogo, andika ile ya bombomu. Nani atakanusha?" Alikuwa analia. Nami, Afande, nikaiandika. Sentensi nzima, kwa mkono wangu.

Mama Petro akafungua sanduku lako anitolee cheti cha jeshi, nipate namba yako. Ndani ya cheti kulikuwa na kipande cha gazeti: masahihisho yangu, mistari minne, ambayo mhariri aliibana chini ya tangazo la baiskeli. Umeyakunja na kuyakunjua mpaka karatasi imeanza kukatika. Nilikuandika gazetini mara nyingi. Ulitunza hayo tu.

Nikamsomea Petro. Akauliza, "Na huo mkojo, aliusema kweli?"

"Mbele ya watu wote."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi andika kama alivyosema mwenyewe."

Nilikata sentensi ile mbele yake. Habari yako imeondoka na treni ya leo, na jina la Athumani limo. Gazeti likitoka nitapeleka nakala Newala, niwatafute watu wake. Ni mbali, najua. Lakini wewe ulitembea siku tatu kwa ajili ya mistari minne.

Pumzika, Afande. Zamu yako imekwisha. Hii nimeipokea mimi.

Mwandishi wako