Usimtazame Mama Anapokula

Salamabila

Kwako mdogo wangu Salima,

Salamu ninakupa kwa sababu Mama alitulea tusalimie hata mtu tuliyemkasirikia. Basi, hujambo? Mume wako hajambo? Watoto hawajambo? Mimi mwili wangu ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua nikiinama kwenye sufuria. Moyo ndio si mzima. Sababu unaijua, na kama huijui, utaijua kabla hujageuza karatasi hii.

Huku mvua imetuchosha. Njia ya machimboni imekuwa tope tupu, pikipiki zinasukumwa kuliko zinavyopandwa. Wachimbaji wakitoka mashimoni wanakuja kwenye malewa yangu wakiwa na udongo mpaka masikioni, kila mmoja anataka apakuliwe wa kwanza, na asiyepakuliwa wa kwanza anatukana. Ndicho hiki kibanda cha chakula ulichosema kinanuka moshi. Kinanuka moshi kweli, lakini hakuna mtu aliyewahi kutoka humu na njaa.

Ningekupigia simu. Lakini simu ya nyumba yenu ninaijua. Ukiishika tu, mume wako anakwambia uifungue sauti, na nyumba nzima inakaa kunisikiliza kama redio. Maneno haya si ya redio. Ni ya mimi na wewe, watoto wa tumbo moja. Usimsomee huyo Mwalimu wako hata mstari.

Nianze na ile picha.

Ulinitumia ili unifunge mdomo. Siku ile nilikuuliza kwa nini kila mtu anayetoka huko kwenu Kasongo ananiambia Mama amekwisha, nawe ukapandisha sauti: "Da Riziki, unafikiri tunamunyima chakula? Mama iko anachagula sana! Tunamupikia mayai, hataki. Maziwa, hataki. Anakula kijiko mbili, anasema ameshiba. Sasa unataka nimufungule kinywa na nguvu?" Kisha ukakata. Baadaye picha ikaingia, bila neno lolote chini yake.

Niliitazama nikiwa nimesimama, nikakaa. Bangili ya shaba ya Mama, ile iliyokuwa haitoki hata kwa sabuni, imepanda mpaka karibu na kiwiko. Blauzi imemkaa kama imetundikwa kwenye kamba. Nilijua ile homa ndefu na kulazwa kule vilimpunguza. Lakini alitoka hospitali tangu kiangazi, na mtu aliyetoka hospitali anatakiwa kurudisha mwili, siyo kuendelea kuyeyuka. Nililia, Salima. Nililia mbele ya wateja, na maharage yakaungua.

Halafu nikatazama mezani. Mayai ya kuchemsha, kikombe cha maziwa ya unga, na mkate. Wewe ulizaliwa na nani? Mama hajawahi kula yai; kwao mwanamke wa umri wake hali yai, na hilo tulilijua kabla hatujajua kuvaa viatu. Maziwa ya unga anasema yananuka dawa. Mkate anauita pamba. Ulitafuta kila kitu ambacho Mama hali, ukakipanga juu ya kitambaa cha meza pamoja na yale maua yako ya plastiki, ukapiga picha, ukasema anachagua.

Ndiyo, anachagua. Alianza lini? Bugali wa mahindi hagusi, ni wa muhogo tu. Kambale hataki hata kumwona. Sombe ya majani ya muhogo iliyochemshwa kwa haraka anaijua kwa harufu kabla haijafika. Sisi wenyewe tulikuwa tunamtania, tunamwita mke wa gavana. Mtu wa namna hiyo humuongezei mwili kwa kugombana na mdomo wake. Unaufuata mdomo wake, na nguvu unaitia ndani ya kile kile anachokipenda.

Hata hayo ningeyasamehe. Ningesema umekuwa mtu wa mji, umesahau. Lakini nilitazama upande wa pili wa picha nikamwona Mwalimu, mume wako, ameketi kiwiko kwa kiwiko na mama mkwe wake, kijiko mkononi, anakutabasamia wewe uliyeshika simu. Na Mama amegeuzia uso ukutani, kitenge amekivuta mpaka puani.

Picha uliipiga kwa mkono wako mwenyewe, na hukuona?

Umesahau kwetu Wamaza? Umesahau siku baba wa watoto wangu alipokimbilia jikoni kwetu kwa sababu ya mvua? Mama alitoka kwa mlango wa nyuma na sahani yake mkononi, akasimama kwenye banda la mbuzi mpaka mkwe wake alipoondoka. Bugali wake ulilowa wote. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini, na Mama akatugombeza wote wawili: "Bukwe haiko muchezo! Mukwe akiona kinywa yangu inatafuna, kesho nitamuangalia na macho gani?" Ndivyo alivyolelewa kuuheshimu ukwe. Mama mkwe hali mbele ya mkwe, na mkwe mwenye adabu hamtazami akitafuna. Wengine wameacha, sikatai. Kasongo ni mji, na kwenu baba, mama na watoto mnazunguka meza moja. Ni nyumba yenu, kuleni mnavyotaka. Lakini ulimuuliza Mama kama na yeye ameacha?

Kulala tu chini ya paa la mkwe kulimtia uzito. Alikubali kwa sababu hospitali iko karibu na sisi tulimbembeleza, mimi wa kwanza. Alipofika, mkamtoa jikoni alikokuwa ameketi kwa amani, mkamweka mezani, mkaita heshima.

Sikutaka kukulaumu kwa picha peke yake. Nikampigia yule jirani yako anayeuza mafuta ya taa, nikamwomba ampelekee Mama simu nyuma ya nyumba. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemsumbua. Mama alizungumza kwa sauti ndogo, kama mwizi.

"Riziki, tumbo yangu iko muzima," aliniambia. "Njaa iko, tena inaniuma kabisa. Lakini nikifungula kinywa, mukwe iko ananiangalia. Kula Mama, kula Mama. Chakula inakataa kushuka."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia.

"Salima atasikia aibu. Na bwana yake ni mutu muzuri. Nitasema nini, asikae mu nyumba yake mwenyewe? Na wewe usimwambie."

Nimekwambia. Atanikasirikia, na akasirike, mradi awe na nguvu za kukasirika. Mama ana njaa, Salima. Nyumba yenu ina chakula, na mama yako ana njaa ndani yake, na wewe unamwita msumbufu mbele ya watu. Hilo ndilo linanichoma.

Najua lilikotoka. Siku ya kutoka hospitali muuguzi aliwaambia mgonjwa aongezewe vyakula vya nguvu, na mtu amsimamie anapokula. Mwalimu akasikia neno kusimamia, akaona limesemwa kwake. Tangu hapo anamsimamia Mama kama watoto wa mtihani, anahesabu vijiko, anatikisa kichwa. Sisemi ana roho mbaya. Kuna wakwe wanaowanyima mama wakwe zao chakula. Mume wako anamkondesha kwa wema. Yeye ni mtoto wa mji na mambo ya kwetu hakufundishwa. Wewe ulifundishwa. Kwa hiyo hasira yangu usimgawie hata kidogo, yote ni yako.

Uliniambia pia kwamba mtu wa mbali kazi yake ni kusema tu. Sawa, nasema.

Tangu leo Mama asile tena mezani. Mrudishie jiko, mkeka na mlango unaofungwa. Asubuhi usimtangulizie chai, chai inajaza tumbo na haina kitu. Mpe uji wa mchele wenye karanga zilizosagwa hadi zikawa laini, na ndizi iliyoiva akiitaka. Sombe itwange vizuri, iive mpaka ichoke, utie karanga, kisha uimiminie mawese bila uchoyo. Utasema mafuta yanamdhuru mgonjwa. Nani alikwambia? Rudi kwa muuguzi yule yule ukamuulize, badala ya kuwasikiliza wanawake wa kwenye bomba la maji.

Hapa kwangu alikuja mchimbaji wa Lusangi aliyetoka kuugua, mifupa mitupu, na alikuwa hataki kitu ila viazi vitamu. Wenzake walimcheka. Mimi nikampa viazi hivyo hivyo, lakini niliviponda na karanga na mawese kidogo, nikampa asubuhi, nikampa tena jua likipanda, na tena jioni kabla ya wengine. Sikumlazimisha siku hata moja. Sasa anabeba magunia na ananigombeza kuhusu sahani ya pili. Mama naye usimpakulie mlima wa bugali. Sahani kubwa inamshibisha kwa macho. Pakua kidogo, aikombe, halafu uulize. Avoka iponde na sukari, uiache karibu na mkeka wake kana kwamba umeisahau. Samaki mkavu msage awe unga, umtie ndani ya mboga, hatamlalamikia. Ile supu yenu ya maji matupu mpelekee Mwalimu, yeye ana mwili wa kutosha.

Na kama Mama atakuwa anakula kwa raha na bado haongezeki, mrudishe hospitali wamtazame upya. Usingoje ruhusa yangu.

Mume wako utamwambia nini? Mwambie Mama anapenda joto la jiko. Mwambie mgongo unamuuma kwenye kiti. Mwambie lolote, lakini usimwambie kwamba anamtia mama mkwe wake haya, maana ninavyomjua ataenda kupiga magoti kumwomba msamaha, na hapo Mama atakimbia kwa miguu mpaka Wamaza.

Nimekuandikia kwa ukali. Sitafuta neno hata moja. Ukweli ni kwamba ninaogopa, Salima. Kila pikipiki inayotoka upande wa Kasongo ikisimama mlangoni, ninaacha mwiko ndani ya sufuria nikidhani imeleta habari ya Mama. Ugonjwa ukimchukua, tutalia pamoja, wewe na mimi. Njaa ikimchukua ndani ya nyumba yenye chakula, kwa sababu wewe uliona aibu kumwambia mumeo atoke nje, mimi na wewe tutakuwa tumemaliza undugu.

Nisalimie watoto wako, hasa yule binti mkubwa anayemsukia bibi yake nywele. Msalimie mjomba wetu fundi cherehani, mwambie ile nguo nyembamba anayomshonea Mama asiimalize, angoje kipimo kipya. Mama wa mume wako mpe heshima zangu. Nasikia yeye huja kuongea na Mama alasiri, na hata siku moja hajamuuliza kwa nini hali. Mwalimu naye msalimie, ila usimwambie salamu zimekuja ndani ya barua gani.

Sasa jambo la mwisho. Aliyekukabidhi barua hii mlangoni ni Mama mdogo Sifa, mdogo wake Mama. Nilimtuma mwenye pikipiki ampitie Wamaza. Najua umeshangaa kumwona, umemwonyesha kiti apumzike, ukakaa kusoma. Inua macho utazame hicho kiti. Hakuna mtu. Nilimwambia asiketi, apite nyuma moja kwa moja na kikapu chake cha sombe ya shambani na mawese mapya, amshike Mama mkono, waingie jikoni wawili, wafunge mlango. Watakula kwenye sahani moja kama walivyokula wakiwa wasichana, bila jicho la mtu.

Usigonge. Usiwapelekee kijiko, usiwapelekee simu. Simama nje, mzuie mume wako, ungoje sahani itoke.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
Riziki