Nani Atoke Kwanza Kwenye Pipa

Jumamosi, 7 Februari

Mgongo! Nimebeba kuni tangu asubuhi. Baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, ndevu zimekuwa waya. Lakini pipa langu la kuogea nje liko tayari — mbao tupu, jiko la kuni ubavuni kwa ndani, watu sita wanakaa bila kugusana magoti. Ziwa hili zima hakuna jingine kama hili. Mimi nimekuwa baharia, nimeoga bandari za nusu ya dunia, najua ninachosema.

Shemeji Taisto na dada yangu Hilkka wamekuja likizo, wamepanga nyumba ng'ambo ya barabara. Hilkka kanipigia. Mshipa wa moyo wa Taisto ulizibuliwa vuli, hilo nalijua. Nililokuwa silijui ni kwamba daktari kampa masharti: maji yasiwe ya moto sana, akae muda mfupi, pombe hapana, kuoga peke yake hapana, kujitupa kwenye theluji ndiyo kabisa hapana. "Na usimwambie kama nimekwambia, kaka. Ataninunia mpaka Pasaka."

Haya. Uzeeni nimekuwa nesi.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwaga mchanga kwenye ngazi, barafu imeota kila mahali. Nimefunga kamba ya kushikia. Nimetandika mkeka hadi mlangoni. Nimechoka kabla ya kuoga!

Taisto kaja na chupa. Nikamwambia Ulaya ya kusini siku hizi wanakunywa baada ya kuoga, si kabla. Uongo mtupu, sijui wanafanyaje. Akakubali, maana hapendi kuonekana mshamba. Alipokuwa anajipasha kwenye sauna, chumba changu cha mvuke, nikatupa theluji pipani, koleo kwa koleo, mpaka maji yakawa ya kuogeshea mtoto.

Akaingia na kofia yake ya sufu. "Shemeji, hii supu imepoa! Umeishiwa kuni au umeishiwa nguvu?"

"Kaa utulie. Moto unakuja."

Na kweli ukaja! Jiko lile halina breki. Tukakaa.

Sasa tatizo ni hili. Huku kwetu hakuna anayetoka kwanza. Hakuna aliyesema ni mashindano. Mnaongea habari za samaki, mnatazama ziwa, lakini atakayetangulia kuinuka atasemwa mpaka barafu iyeyuke. Mimi nimekaa na Warusi, nimekaa na watu wa Aisilandi, hakuna aliyewahi kuniona kisogo. Hakuna!

Taisto akawa mwekundu. Kisha akaacha kuongea. Kisha nikaona midomo imepauka. Nikamsubiri atoke. Naye ananisubiri mimi. Wapumbavu wawili kwenye sufuria. Huyu mtu atanifia hapa kwa kuona haya!

Nikainuka. "Nimeiva, shemeji." Mimi, Ensio! Akakaa kidogo zaidi ili ihesabike, halafu akafuata. Nikamwambia ainuke polepole, ashike kamba. Ngazini akayumba. Nikamdaka kwapani, akanisukuma: "Niache, mimi si kikongwe." Nikamfunika joho, nikampa maji ya kunywa. Akanywa yote bila kubishana. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatano, 11 Februari

Dukani wanajua wote. Sirkka muuzaji: "Nasikia siku hizi unaiva mapema, Ensio." Mtu nyuma yangu kacheka mpaka kakohoa. Nikacheka nao. Nimenunua soseji, nimerudi, nimelala mchana kama paka.

Taisto anatembea kifua mbele. Anataka tena Jumamosi. "Nakupa nafasi ya kujikomboa, shemeji."

Sina hamu. Sina mgongo.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika nimesimama.

Asubuhi nilijaza pipa kwa pampu kutoka tundu la barafu ziwani. Nikaweka kuni. Huwashi kabla maji hayajafunika jiko, litaungua, basi nikangoja. Kiberiti mkononi, simu ikalia. Hilkka ananong'ona kutoka chooni. Taisto jana hakulala, kakaa ukingoni mwa kitanda kashika kifua, jasho linamtoka. Leo anasema ni soseji. Kituo cha afya haendi. Anasema Ensio atacheka.

Nitacheka! Mimi!

Maji huwezi kuyaacha hivihivi, yakiganda yanapasua mbao. Ama uwashe, ama umwage. Nikazibua. Kazi ya asubuhi nzima ikateremka mteremkoni, ikageuka kioo kabla ya kufika ziwani.

Ndipo Taisto akatokea, taulo begani. Akatazama. Nikangoja matusi. Akapanda ngazi na mabuti yake, polepole, akakaa kwenye benchi ndani ya pipa tupu. "Ingia basi, shemeji." Nikaingia. Wazee wawili na makoti, kwenye pipa kavu.

"Hilkka kasema."

"Hilkka hajasema kitu. Pampu imekufa."

Akaitazama pampu. Ilikuwa bado inanguruma, mpira wake ukimwaga maji thelujini.

Halafu, bila kuniangalia: "Jumatatu ile ulitoka kwa ajili yangu?"

"Nani? Mimi? Nilizidiwa, shemeji! Moyo ulinienda mbio, macho giza, nikaogopa kufa. Ningekuwa na akili ningekwenda kupimwa siku ileile." Maisha yangu yote nimedanganya kwa kujipandisha. Kujishusha ni mara ya kwanza, na kumbe ni kuzito.

Mkono wake ukaingia ndani ya koti, akajisugua kifuani, akidhani sioni.

"Basi twende ukapimwe," akasema. "Nitakusindikiza."

Nimepiga simu ya dharura. Wanasema gari la wagonjwa liko mbali, tuanze safari, watatupokea njiani. Asitembee, asijishughulishe na lolote. Hilkka anakusanya dawa. Mimi nimeingia ndani kuchukua ufunguo wa gari.

Kupitia dirisha namwona Taisto garini. Hajakaa kiti cha abiria. Kakaa kwenye usukani, uso rangi ya majivu, kashusha kioo, kanyoosha mkono anataka ufunguo. "Wewe kaa huku!" anapiga kelele. "Mgonjwa haendeshi!"