Magadi ya Mwaka wa Kwanza

Mzee Mutua,

Najua ungeuliza habari za maabara kabla hujauliza za watoto wangu, kwa hivyo nianze nayo: bado imesimama, na vioo vyote vya madirisha vipo. Watoto pia wazima, asante.

Imetimia miezi minne tangu tukusindikize kaburini Kangundo. Nakuandikia hapa mezani kwangu mtaani Jericho, Jumapili, tumetoka kanisani, na mke wangu Nafula anadhani naandikia ndugu yangu Bungoma. Mkeo, Mama Kioko, hajambo. Juzi alituletea mbaazi, akanikagua kutoka kichwani mpaka miguuni akasema nimenenepa, jambo ambalo si kweli sana. Wale wenzako wa drafti pale sokoni bado wanabishana. Yule fundi viatu uliyemfunga kila Jumamosi sasa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikufunga wewe. Nimemwacha afurahi. Ukiudhika, njoo mwenyewe umsahihishe.

Sasa habari yenyewe. Walinipa nafasi yako. Mimi, Wafula, uliyekuwa ukiniita kijana hata baada ya nywele kuniaga, ndiye fundi wa maabara ya kemia ya mwaka wa kwanza, kwa majaribio ya miezi sita. Nilirithi funguo na koti lako jeupe. Koti lilikukaa kama bwana mganga. Mimi linanifikia karibu na vifundo vya miguu, natembea kama kasisi mpya.

Na wiki ya tatu tu, Mzee, nikaharibu.

Unakumbuka desturi yako. Kabla ya kuwafungulia wanafunzi mlango, ulikuwa ukilifanya jaribio la siku hiyo wewe mwenyewe, mara tatu, kama mwanafunzi. Hesabu isipokubali, mlango haufunguki, hata Daktari, mhadhiri wetu, agonge mpaka vidole vimuume. Miaka kumi na mmoja nilikucheka. "Kwani wewe unasomea digrii?" Nawe ungejibu bila kugeuka, "Kijana, nyamaza, nahesabu matone."

Siku hiyo sikuhesabu tone hata moja. Nilikuwa nikibandika jina langu mlangoni. Mara ya kwanza lilikaa upande, nikalibandua. Mara ya pili likawa juu mno. Nilipolipenda, wanafunzi sitini walikuwa wamejaa kwenye baraza, nikawafungulia.

Zoezi lilikuwa lile la magadi na asidi: unadondosha asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya manjano igeuke waridi, unasoma umetumia kiasi gani. Jibu ni mililita ishirini na tano, kila mwaka. Sasa, magadi yetu yako katika makopo mawili. Kuna ya unga, makavu, na kuna yale ya mawe kama vioo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji yaliyojificha ndani. Ya unga yaliisha. Nikachukua ya mawe, nikayapima kwa kipimo cha unga. Kosa ambalo ungemkemea hata mfagiaji.

Wanafunzi wakapata tisa. Lakini unawajua. Jibu walishaambiwa na wa mwaka wa pili, basi wakaona tisa kwenye bureti na ishirini na tano kichwani, wakaamini kichwa. Hamsini na tisa wakapika majibu: ishirini na nne nukta tisa, ishirini na tano nukta moja, wakitia chumvi kidogo huku na huku ili yasifanane. Mpishi wa hoteli hangewafikia.

Mmoja hakupika. Anaitwa Mwikali, binti wa dereva wa treni, wa pale Makongeni. Alirudia mara saba, akaandika tisa nukta tatu. Daktari akampa sifuri kwa wino mwekundu, akasema huyu hajui hata kushika bureti. Na sifuri hiyo haikuwa ndogo. Mapema muhula huu malaria ilimlaza wiki mbili, akakosa mazoezi, na zoezi hili ndilo lililokuwa limebaki la kumshikilia kwenye kemia. Likianguka, naye nje.

Alikuja kwangu, na hakuja kulalamika. Laiti angelalamika! Alisema, "Mzee, nionyeshe tu pale ninapokosea." Nikavuta koti, nikajifanya wewe, tukarudia pamoja. Tisa nukta tatu. Nikatupa jicho rafuni, nikaliona lile kopo la mawe, na nikajua.

Unadhani nilisema? Nilimwambia, "Nenda nyumbani, nitaangalia." Nitaangalia! Nilikuwa nimeshaona.

Nilimwambia Nafula tukinywa chai ya jioni. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yaani wewe umeshindwa na magadi? Mimi nayatia kwenye maharagwe kila siku na sijaitwa fundi." Kisha akauliza msichana atafanywa nini. Nikamweleza, na nikamweleza pia kwamba bado niko kwenye majaribio. Akaenda kutafuta pasi. "Kesho utavaa shati safi," akasema. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe ukiwa nadhifu."

Asubuhi nikasimama mbele ya Daktari na shati langu, nikamwambia kosa ni langu, kopo ni hili, na aliyeandika kweli ni yule wa sifuri. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikamwisha. "Wafula," akasema, "na hawa hamsini na tisa walipata wapi ishirini na tano?"

Akavuta daftari la alama. Mwikali alipewa alama zake zote. Wale wengine sifuri, na zoezi kurudiwa Jumamosi. Mimi sikufukuzwa, ila barua ya onyo imo kwenye faili langu na miezi sita imeanza upya kuhesabiwa. Nafula anasema angalau nimepata shati lililopigwa pasi.

Jumamosi yenyewe ungeifurahia. Walikuja wamenuna, wengine walikuwa na mpira mchana. "Buda, umetumaliza," mmoja akaniambia kwenye baraza, na jina nikapewa hapo hapo: Mzee Magadi. Limefika mpaka Jericho, sijui kwa basi lipi.

Lakini kabla sijawafungulia, Mwikali aligonga. Hakuwa na haja ya kuja. Alisema anataka kuona magadi yakiwa sawa yanatoa ngapi. Nikampa bureti yake, nikashika yangu, tukafanya bega kwa bega. Yeye akapata ishirini na nne nukta tisa, safi. Mimi rangi iligeuka sikuiona, nikazidi kudondosha.

"Umepata ngapi, Mzee?"

Mzee Mutua, ulimi ulishaanza ile ishirini na tano. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, na binti ananitazama bila hila yoyote.

"Ishirini na sita nukta moja," nikasema. "Nimepitisha."

Akaiandika vile vile, mbele ya jina langu. Akatabasamu kidogo, akanisogezea flaski nyingine ili nirudie.

Basi nakuaga, mwalimu wangu. Lala salama pale Kangundo, na usiniwazie. Nakuahidi hili: nambari nitakayoiandika katika maabara yako itakuwa ile niliyoiona, hata kama inanichekesha mbele ya watoto. Na ili niione vizuri, kesho Nafula ananipeleka kupimwa miwani.

Kijana wako,
Wafula